Usiku Uliokosekana Katika Safari ya Mwalimu

Siku nilipokabidhi funguo za stoo ya gereji yetu ya Kabati, Mutinda, ambaye sasa ndiye fundi mkuu, alihesabu spana moja moja mbele yangu, akaweka sahihi, kisha akasema kwamba kitu kimoja hakimo kwenye orodha: namna ninavyofikiri. Nilimjibu kwamba hicho hata mimi sijawahi kukipata chote mahali pamoja. Hakucheka. Aliniomba niandike ili ninyi mnaobaki msome, hasa wale mnaoanza kazi mkidhani kwamba kipimo na ukweli ni kitu kimoja. Nimeandika. Atakayetafuta humu habari za vyeo na mishahara atachoka mapema, kwa maana vyeo vilikuwa viwili na mshahara mnaujua.

Niliingia gereji hii nikiwa na miaka ishirini na minane, nimetoka chuo kikuu kwa aibu. Nilikuwa nikisomea shahada ya uzamili katika uhandisi wa mitambo, na utafiti wangu ulihusu jinsi dizeli inavyoungua ndani ya silinda. Kwa miaka miwili nilipima joto la moshi asubuhi na jioni, nikaliandika mpaka nukta ya pili ya desimali. Siku ya kutetea tasnifu, mmoja wa watahini aliniuliza swali dogo: kipimajoto changu nilikuwa nimekilinganisha na kipi, na lini? Nilikuwa nimekilinganisha mara moja, mwanzoni, kisha kikapotoka taratibu bila mimi kujua. Kila tarakimu katika kurasa zile ilikuwa nadhifu, na karibu zote hazikuwa za kweli. Waliniambia nirudie. Sikuweza. Kwa miezi kadhaa sikuweza hata kutazama saa ya ukutani bila kujiuliza ni nani aliyeitega.

Mama yangu, aliyekuwa akiuza ndengu sokoni hapa Kabati, ndiye aliyenipeleka kwa Fundi Nzioka, mwenye gereji, ambaye alikuwa shemasi katika kanisa letu. Nzioka hakuuliza vyeti. Aliniuliza kama naogopa grisi. Nikasema ninachoogopa ni kukosea.

"Hiyo utaizoea," akasema. "Grisi ndiyo haitoki."

Siku ya kwanza liliingia lori la mchanga lililokuwa likizima ovyo kwenye milima. Nilichukua spana nambari kumi na tatu nikaelekea moja kwa moja kwenye boneti. Nzioka alinishika mkono katikati ya njia.

"Weka chini," akasema. "Mwenye gari hajamaliza."

Hivyo ndivyo nilivyoijua desturi ya gereji hii. Gari likiingia, vifaa vyote vililazwa juu ya gunia la katani. Mwenye gari alipewa kigoda na kikombe cha maji, naye alisimulia safari yake tangu alipowasha injini hadi alipofika kwetu: alipita wapi, alibeba nini, alilala wapi, alijaza mafuta kwa nani. Mpaka amalize, hakuna aliyeruhusiwa kufungua boneti. Nzioka alikuwa utingo wa malori ya Mombasa kabla ya kuwa fundi, na hoja yake ilikuwa moja tu: injini ni ushahidi, lakini dereva ndiye aliyekuwepo. Mimi niliona hayo kuwa mazungumzo ya kupoteza asubuhi.

Nzioka hakuwa na mazoea ya kuandika. Aliyaweka yote kichwani, na kichwa chenyewe alikilaza kila siku saa saba mchana chini ya gari lolote lililokuwa na kivuli kikubwa zaidi. Mchango wangu wa kwanza kwa hiyo ulikuwa daftari. Nililichora safu tano: tarehe, gari, safari, dalili, chanzo. Nzioka aliliita kitabu cha Injinia, na Injinia likawa jina langu. Mwanzoni lilikuwa kejeli. Lilipoacha kuwa kejeli sijui. Ni moja ya mambo machache ambayo sikuyaandika.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo lazima mlijue, kwa sababu bila hilo yanayofuata hayana maana. Nzioka alikuwa amekwenda mazishini Makueni. Akaja Mzee Kilonzo, mfuga nyuki, na pikapu yake iliyokuwa ngumu kuwaka. Mzee Kilonzo alizungumza polepole, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo. Alianza kusimulia mahali alipokuwa ameliegesha gari wiki ile, nikamkatiza. Nilipima mgandamizo wa silinda, nikaona mbili ziko chini kidogo, kama zilivyo katika injini yoyote iliyozeeka, nikajenga juu ya vipimo hivyo nadharia nzuri sana. Nikamwambia injini imekufa. Aliniamini kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Akaiuza pikapu kama chuma chakavu.

Wiki mbili baadaye tuliiona ikipita barabara ya Kitui imejaa saruji. Aliyeinunua alikuwa amekuta mpira mmoja wa dizeli umetobolewa na panya, ukawa unavuta hewa. Mzee Kilonzo alikuwa ameegesha karibu na ghala la mtama. Hapo ndipo masimulizi yake yalipokuwa yakielekea. Nzioka hakunikaripia. Alisikiliza pikapu ikipita, akasema, "Injinia, hiyo gari inapiga honi vizuri." Mzee Kilonzo naye aliendelea kunisalimu kanisani kila Jumapili na kuniuliza hali ya mama yangu, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko kukaripiwa. Katika daftari, kwenye mstari wa pikapu ile, safu ya chanzo niliiacha tupu. Nilishika kalamu mara nyingi. Sikuandika.

Tangu hapo niliwasikiliza wenye magari mpaka mwisho, hata wale waliosimulia safari ya Kitui hadi Kabati kama kwamba wamevuka jangwa. Nilimsikiliza mfanyabiashara wa mbuzi ambaye kelele ya gari lake ilikuwa pembe ya beberu ikigonga bodi. Nilimsikiliza mchungaji aliyekataa kutaja alikolala, na sikumwuliza zaidi kwa kuwa gari lake lilihitaji bereki tu. Nzioka alipofariki aliniachia kipande cha bomba la shaba cha kusikilizia injini, ncha moja sikioni na nyingine kwenye chuma. Bado nakitumia. Geji za kupimia mgandamizo ninazo mbili. Zikikubaliana, natafuta ya tatu. Mutinda husema kwamba mimi nikipewa jibu la hesabu hulidai kitambulisho.

Sasa nifike kwenye kazi ya mwisho kubwa niliyoifanya, mwezi mmoja kabla sijastaafu.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko, mvua za vuli zikiwa zimenyesha mara mbili tu. Kutoka upande wa Mwingi likaja gari refu jeupe likikohoa, likifuatwa na moshi mweupe mzito kiasi kwamba akina mama walifunika nyanya kwa leso. Lilikuwa gari la dizeli la kubebea mizigo, ambalo mwenyewe alikuwa amelifanya nyumba: lilikuwa na madirisha yenye mapazia, kitanda cha mbao, jiko la gesi, karai la kuoshea vyombo, na kwenye paa tangi la maji lililofungwa kwa kamba za katani.

"Injinia," Mutinda akaniita, "tumeletewa nyumba ya wageni. Inafuka jikoni."

Walishuka watu wawili. Mwalimu Musyimi, mwalimu mkuu mstaafu wa hapo Kitui, mwenye kofia ya pama na kalamu mbili mfukoni. Na mkewe, Mama Ndinda, aliyeshuka kwa kupapasa ngazi kwa mguu kwanza, kisha akainua uso na kuugeuza polepole huku na huku, kama mtu anayechungulia kupitia tundu la mlango. Nilimwamkia kwa Kikamba, nikamwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu wote. Alinishika mkono, akaugeuza na kuunusa.

"Huyu ni fundi wa kweli," akamwambia mumewe. "Ananuka kazi."

Tulilaza spana kwenye gunia, nikampa Mwalimu kigoda na maji, nikafungua daftari. Alifurahi sana kuona mtu anaandika. Alisema kwamba wamelala nje usiku kumi na tisa, kisha akasimulia kituo baada ya kituo kwa sauti ya darasani: Meru, Isiolo, Marsabit, hadi ziwa la kaskazini, na kurudi. Barabara ya mawe iliwatikisa mpaka vikombe vikavunjika. Vumbi lilikuwa jingi, na kwa sababu ya vumbi hilo, akasema, alibadilisha filta ya dizeli mwenyewe walipofika Isiolo, akamwaga tangi lote na kujaza jipya. Gari lilikuwa limeanza kupoteza nguvu kabla ya hapo. Baada ya hapo halikupona. Asubuhi liligoma kuwaka, na lilipowaka lilitoa moshi mweupe.

Safari ilikuwa imebakiza sehemu moja. Hiyo alisimulia Mama Ndinda. Alizaliwa chini ya kilima cha Nzaui, kule Makueni. Macho yake yalikuwa yakifunga kutoka pembeni kuja katikati, na daktari alikuwa amemwambia ahesabu miezi, asihesabu miaka. Ndiyo maana Mwalimu alitengeneza gari lile. Walianza na ya mbali, wakaiacha Nzaui iwe ya mwisho, kama mtu anavyosukuma kipande cha nyama pembeni mwa sahani akile baadaye.

Tulifungua boneti. Maji ya rejeta yalikuwa yamepungua sana. Moshi ulikuwa mweupe. Dizeli ilikuwa safi na filta mpya haikuwa na doa. Nikapima mgandamizo kwa geji zote mbili: silinda tatu zilikuwa sawa, ya tatu kutoka mbele ilikuwa chini. Haikuwa chini kwa kiasi cha kutisha. Ilikuwa chini kwa kiasi cha kushawishi. Mnaijua kazi hii. Maji yanapungua, moshi mweupe, silinda moja dhaifu: mambo matatu yanayoelekeza kidole mahali pamoja.

"Hedi imepasuka," Mutinda akasema. "Hii hata kipofu anaiona." Kisha akamwona Mama Ndinda mlangoni, akainamisha kichwa.

"Sema tu, kijana," Mama Ndinda akamwambia. "Mimi sijafika huko bado."

Kama ni hedi, kile kifuniko cha chuma kinachoziba silinda kwa juu, hukumu ilikuwa wazi. Injini ya namna ile haipatikani tena kwa urahisi, na kuitengeneza kungegharimu kuliko gari lenyewe. Ushauri wa haki ungekuwa watoe kitanda, wauze bodi, warudi nyumbani. Mutinda, akitaka kurekebisha alichosema, alipendekeza wakodi gari dogo liwafikishe Nzaui mara moja.

"Litakuja na kitanda?" Mama Ndinda akauliza. "Mchana jua linanichoma macho, sioni kitu. Nikiona, naona alfajiri kidogo tu, kabla jua halijapanda. Kwetu pale shamba liliuzwa, hakuna nyumba ya kulala. Nataka nilale chini ya kile kilima, niamke, nikione. Si kwamba nataka kufika. Nataka kuamkia pale."

Niliwaomba wanipe mpaka kesho yake.

Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Nimelijua hilo tangu chuoni na wenzangu hawajaniacha nilisahau. Lakini sikufikiri juu ya hedi. Nilifikiri juu ya Mzee Kilonzo. Kilichonisumbua kilikuwa uzuri wa jibu. Lilikuwa nadhifu mno, limekaa kama shati lililopigwa pasi, na mara mbili maishani mwangu nilikuwa nimevaa shati la namna hiyo.

Kesho yake, saa nne ya chai, Mama Ndinda alikuwa amepika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, kwenye jiko la gari, akatugawia sote katika vikombe kwa kuwa sahani zilikuwa zimevunjika njiani. Nilikaa kwenye kigoda cha wageni na daftari, nikasoma safari ya Mwalimu upya tangu mwanzo. Sikuwa nikitafuta chochote. Nilihesabu tu, kama ninavyohesabu ngazi ninapopanda. Alikuwa amesema usiku kumi na tisa. Mahali pa kulala alipotaja palikuwa kumi na panane.

Nilirudia kuhesabu kwa kidole, kisha kwa kalamu, kisha kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kumi na panane. Usiku mmoja ulikuwa umepotea mahali fulani kati ya ziwa na Marsabit.

Mwalimu alikuwa akifuta kioo cha mbele. Nilimwendea nikamwambia.

"Umehesabu vibaya," akasema bila kugeuka.

Neno hilo kwangu lina historia. Nilihesabu tena mbele yake, kwa sauti.

"Basi nilikosea mimi," akasema. "Andika kumi na nane."

Pazia likafunguliwa. "Ni kumi na tisa," Mama Ndinda akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nahesabu, maana mimi ndiye siku zinanipungukia. Baba Ndinda, mwambie."

"Hakuna cha kuambiwa."

"Nitamwambia mimi, basi, na utanuna mpaka Nzaui."

Mwalimu aliendelea kufuta kioo mahali palepale palipokuwa pamekwisha kung'aa. Mkewe akasimulia. Baada ya ziwa walishika njia isiyokuwa yenyewe, dizeli ikawaishia nyikani. Aliyewapata alikuwa mfanyabiashara wa ngamia, Mzee Gedi, mwenye familia na kisima cha pampu. Aliwapeleka nyumbani kwake, akawachinjia mbuzi, akawapa mkeka na maziwa. Asubuhi akawaletea mtungi wa dizeli wa lita ishirini, ile iliyokuwa ya kuendeshea pampu ya kunyweshea mifugo yake. Hakutaka malipo. Alisema kijana wake atakwenda kutafuta nyingine kwa miguu ya ngamia. Lakini kule mtungi hauna kazi moja. Unaobeba dizeli leo jana ulibeba maji. Kabla ya kufika Marsabit gari likaanza kukohoa. Isiolo, Mwalimu alipofungua filta, alikuta maji. Akaitupa mbali, akamwaga tangi, na akamwambia mkewe kwamba jambo hilo lisitajwe kwa mtu yeyote, kamwe.

Mwalimu akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, nami sikujua kama ni kwa hasira.

"Mtu amekupa maji ya ngamia wake," akasema. "Kwa sababu ile dizeli ilikuwa maji yao, Injinia. Bila ile dizeli hawanywi. Amebaki hapo, ameketi, ananipungia mkono. Halafu mimi nifike kwetu niseme, yule mtu aliniharibia gari? Hapa Ukambani tunakijua kiangazi. Ukipewa maji wakati wa kiangazi, unakunywa na matope yake, na husemi yalikuwa na matope."

Nilimwelewa. Hata mimi nimelelewa hivyo. Marehemu mama yangu alipopewa mahindi ya kuazima yenye fukusi, aliyachambua ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

"Mwalimu," nikasema, "hapa hatutafuti mwenye makosa. Tunatafuta maji yalipita wapi."

"Na hicho kitabu? Kitasomwa."

"Tufungue kwanza. Cha kuandika tutakijua baadaye."

Tulitoa nozeli zote nne, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda, tukazijaribu moja moja kwenye pampu ya mkono. Tatu zilinyunyiza ukungu mzuri. Ya silinda ya tatu ilitema matone, moja baada ya jingine, kama bomba la mji lisilofungika. Niliifungua nikakuta kutu ya kahawia kwenye ncha, nyembamba kama poda. Basi ndiyo hiyo. Maji yalikuwa yamekwisha kupita na kuondoka, yakaacha kutu. Kutu ikaiacha nozeli wazi. Dizeli ikawa inadondoka bila kuungua vizuri, ndiyo moshi mweupe. Na dizeli hiyo ikawa inaosha oili kwenye kuta za silinda, ndiyo mgandamizo ulioshuka. Je, maji ya rejeta? Hayo yalikuwa kesi nyingine kabisa. Barabara ya mawe ilikuwa imefungua mshono wa chini wa rejeta, mahali pasipoonekana mpaka ulale chali. Yalikuwa mambo mawili yasiyojuana, na sisi tulikuwa tumeyaozesha.

Hedi ilikuwa nzima. Hatukuigusa.

Mutinda aliigeuza nozeli kiganjani. "Kama si ule usiku mmoja," akasema, "saa hii tungekuwa tunatoa kitanda."

Nozeli ya kubadilisha haikupatikana Kitui. Mutinda aliipata Malili, kwenye gari la namna hiyo hiyo lililokwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Sikuweza kujizuia kumuuliza nani aliamua kwamba lile gari limekufa. Akaniambia nile muthokoi wangu. Tuliisafisha nozeli ile, tukaijaribu mara sita, tukaichomelea rejeta, tukatoa hewa kwenye mabomba ya dizeli, tukalaza bomba la shaba la Nzioka juu ya injini. Siku ya tatu asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, Mwalimu aliketi kwenye usukani na kuvua kofia. Liliwaka mara ya kwanza. Lilitoa pumzi moja ya kijivu, kisha hakuna. Nilipima silinda ya tatu tena jioni yake. Ilikuwa imeanza kupanda.

Likabaki daftari. Mwalimu alisimama nyuma yangu kama aliyekuwa akisahihisha insha. Safu ya chanzo ilikuwa ikinisubiri, na mtu kama mimi, aliyepoteza shahada kwa tarakimu zisizo za kweli, hawezi kuandika "vumbi" hata kwa upendo. Lakini pia sikutaka mtu anayeketi karibu na kisima kule mbali aingie kwenye kitabu chetu kama mharibifu. Ukweli, nilijiambia, ulikuwa mrefu kuliko safu niliyouchorea. Nikavuka mstari, nikaandika hivi: "Maji ndani ya dizeli. Aliyeitoa alitoa yote aliyokuwa nayo."

Mwalimu aliisoma mara mbili. Akatoa moja ya zile kalamu zake, nikadhani atasahihisha. Aliweka alama ya vyema pembeni, ndogo, nyekundu, na kuirudisha kalamu mfukoni.

Waliondoka kwa njia ya Kibwezi, washike barabara kuu hadi Emali, kisha wapande. Kwenye rafu ya gari nilikuwa nimemwekea Mwalimu mitungi miwili mipya, mmoja wa maji nimeupaka rangi ya buluu na mwingine wa dizeli nyekundu. Alisema Mzee Gedi atapata kama hiyo, jozi nzima, na ule mwekundu utakuwa umejaa.

Alasiri hiyo nilifungua kabati la chini, nikatoa daftari la kwanza kabisa. Kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Nilitafuta mstari wa pikapu ya Mzee Kilonzo, nikaandika kwenye safu ambayo nilikuwa nimeiacha tupu miaka yote hiyo: "Mpira wa dizeli, panya. Mwenye gari alikuwa akinieleza, nilimkatiza." Wino ni mpya, mtaona. Msidhani mtu ameghushi.

Siku mbili baadaye, kabla jua halijapanda vizuri, simu ililia. Nilisikia kuku wa mtu, na injini ikinguruma taratibu bila kukohoa. Ilikuwa sauti ya Mama Ndinda.

"Injinia, tuko hapa. Nzaui iko mbele yangu."

Nilimuuliza kama anaiona.

"Naona katikati yake. Pembeni nakumbuka. Halafu Baba Ndinda amewasha gari apashe injini, nikageuka nikaangalia nyuma mimi mwenyewe. Hakuna moshi. Hata kidogo."

Nilisimama na simu sikioni, na akili yangu, kwa mazoea yake ya miaka mingi, ikaanza kazi: shahidi ni mtu ambaye macho yake yanafunga, mwanga ni wa alfajiri, umbali haujulikani, na kutoona moshi si sawa na moshi kutokuwepo. Ningeweza kumwomba ampe simu Mwalimu, nithibitishe.

"Asante, Mwaitu," nikasema. "Nimeandika."